Kuongeza ndoo hakujazi kisima: namna upanuzi wa jumba la mitambo ya umeme wa maji unavyopangwa

Mvua zikizidi, picha zile zile husambaa. Bwawa limejaa, milango imefunguliwa, maji yanashuka kwa kishindo na povu jeupe linapanda hewani. Chini ya picha swali nalo ni lile lile: mbona yanamwagwa bure ilhali umeme hautoshi? Si waongeze mashine?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Wahandisi wenyewe huanza nalo, ila kabla ya kulijibu hulazimika kuuliza mengine. Maji hayo humwagika siku ngapi kwa mwaka, na katika miaka mingapi kati ya kumi? Yakipitishwa kwenye mashine, umeme wake utahitajika saa hiyo hiyo? Na siku zinazobaki, mashine hizo mpya zitakuwa zikifanya nini? Michoro ya jumba jipya, kreni na jenereta vinavyopendeza kwenye picha za uzinduzi huja baadaye sana. Mpango ukianzia kwenye michoro, jueni kuna mtu amekwisha kuamua jibu kabla ya hesabu.

Megawati na uniti

Kituo cha umeme wa maji hupata nguvu yake kutokana na vitu viwili: maji yanayopita kila sekunde, na kimo, yaani tofauti kati ya uso wa maji bwawani na uso wa maji pale yanapotokea chini ya mashine. Mita moja ya ujazo kwa sekunde ikishuka mita moja hubeba takriban kilowati 9.8. Mashine nzuri hunasa kama asilimia 90 ya hizo, kwa hiyo tuchukue kilowati 8.8.

Sasa tujengee bwawa letu la kufikirika. Kimo ni mita 100. Lina mashine nne, kila moja ikimeza mita za ujazo 50 kwa sekunde na kutoa takriban megawati 44. Zote nne zikizunguka, kituo kinatoa megawati 176 na kumeza mita za ujazo 200. Lakini mto wenyewe, ukigawanya maji ya mwaka mzima kwa sekunde zake, huleta wastani wa mita za ujazo 150. Ikiwa hakuna tone linalomwagika, maji hayo yatatoa takriban uniti (kilowati-saa) bilioni 1.16 kwa mwaka.

Tuongeze mashine nyingine nne. Bango la langoni litasomeka megawati 353, na hotuba itasema uwezo umeongezeka maradufu. Ni kweli. Uniti za mwaka je? Bado ni bilioni 1.16, kwa sababu mto haujui kwamba jumba limepanuliwa. Kilichobadilika ni kwamba kituo kilichokuwa kikifanya kazi robo tatu ya uwezo wake sasa kitafanya chini ya asilimia 40.

Hapa wengi hukata tamaa mapema mno na kuuita upanuzi ubadhirifu. Wanasahau kwamba uniti moja ya saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na kila jiko lina moto, haina thamani sawa na uniti ya saa tisa usiku. Bwawa kubwa ni ghala. Lenye mashine nyingi linaweza kulala mchana wakati paneli za jua zinafanya kazi, likatunza maji yake, kisha likaamka jioni na kutoa kwa saa nne kile ambacho mashine chache zingekitoa kwa saa nane. Mashine ya maji huwaka na kufikia nguvu kamili kwa dakika chache tu, jambo ambalo mitambo mikubwa ya makaa ya mawe haiwezi. Mto haukuongeza uniti hata moja, lakini gridi imepata kitu ilichokuwa ikikihitaji.

Sababu ya pili ni yale maji ya kwenye picha. Tuseme katika mwaka wa mvua nzuri bwawa limejaa, na kwa siku 30 mto unaleta mita za ujazo 350. Mashine za zamani zinameza 200, na 150 zinapita milangoni. Mashine mpya zingezigeuza kuwa karibu uniti milioni 95. Si haba. Ila mashine ya tano itapata maji hayo kwa siku nyingi, ya sita kwa chache zaidi, na ya nane huenda ikaonja gharika mara moja kwa miaka kadhaa. Mahali fulani kati ya ya tano na ya nane, gharama ya mashine moja zaidi hupita faida yake. Kutafuta mahali hapo ndiyo kazi kubwa ya upembuzi yakinifu, na kazi hiyo haifanyiki kwa macho.

Sababu ya tatu hutajwa kwa nadra: akiba. Itaipu, kwenye mpaka wa Brazili na Paraguai, ilianza kufua umeme mwaka 1984 na ikafikia mashine 18. Baadaye, mwaka 2006 na 2007, ziliongezwa mbili na kuwa 20, jumla ya megawati 14,000. Mbili hizo huwezesha mashine 18 kuendelea kuzunguka huku nyingine zikiwa kwenye matengenezo. Anayepima mradi wa namna hiyo kwa uniti peke yake atasema hauna faida, na atakuwa amekosea.

Kwa hiyo kabla ya yote, mpango lazima uandike kwa sentensi moja upanuzi ni wa nini: kilele cha jioni, maji ya gharika, au akiba. Kila jibu huzaa jumba tofauti. Mradi unaodai kufanya yote matatu kwa kiwango kile kile nautilia shaka.

Mto uulizwe kwanza

Daftari la vipimo vya mto lina thamani kuliko mchoro wowote. Wataalamu huchukua mitiririko ya kila siku kwa miaka thelathini, arobaini au zaidi, wakaipanga kuanzia mkubwa hadi mdogo bila kujali tarehe. Mchoro unaotoka unasema mto ulifikia kiwango fulani kwa asilimia ngapi ya siku. Kisha wanaendesha bwawa kwenye kompyuta, mwezi kwa mwezi, kana kwamba mashine mpya zilikuwepo miaka yote hiyo, wakiangalia lingejaa lini, lingekauka lini, lingemwaga lini.

Tatizo ni kwamba daftari linaweza kuwa na maandishi sahihi na bado likakupoteza. Katika chanzo cha Nili pale Jinja, Uganda, kituo cha Owen Falls, ambacho sasa kinaitwa Nalubaale, kilizinduliwa mwaka 1954. Miaka michache baadaye, kati ya 1961 na 1964, Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 na maji yanayotoka yakaongezeka mno. Mtiririko ulibaki juu kwa muda mrefu. Ilipofika zamu ya kupanga upanuzi, kituo cha Kiira cha megawati 200 kilichoanza kufua umeme mwaka 2000 kikilishwa na mfereji wake kando ya kile cha zamani, mjadala mkali ulikuwa huu huu: mto wa kweli ni upi, ule wa kabla ya 1961 au wa baada yake?

Kulikuwa na kanuni iliyokubaliwa tangu enzi za bwawa la kwanza, kwamba maji yanayofunguliwa yafuate kimo cha ziwa kama ambavyo yangetoka yenyewe kabla ya bwawa kujengwa. Vituo viwili vilipokuwa tayari na umeme ukawa unatakiwa, kanuni hiyo ilivukwa. Mvua nazo zikawa haba. Kufikia mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, mashine zikapunguziwa maji, na giza likarudi. Kisha Mei 2020 ziwa hilo hilo likapanda na kuvunja rekodi ya mwaka 1964, maji yakawa hayana pa kwenda. Mtu aliyekitazama Kiira mwaka 2006 aliona mashine zilizozidi mto, na aliyekitazama mwaka 2020 alitamani ziwe nyingi zaidi. Wote wawili walikuwa wakiangalia ukurasa mmoja wa daftari.

Kariba, kwenye mto Zambezi, inafundisha jambo la karibu na hilo. Kingo zake mbili, ya Zimbabwe kusini na ya Zambia kaskazini, zilianza na megawati 666 na 600. Mashine za zamani zikaboreshwa hadi 750 na 720. Kaskazini zikaongezwa 360, na kusini mwaka 2018 zikaongezwa 300. Jumla ilitoka megawati 1,266 hadi 2,130, na ziwa ni lile lile. Mashine mpya zilifaa kubeba kilele, kwa sharti kwamba zile nyingine zipumzike saa zilizobaki. Umeme ulipokuwa haba kila mahali, nani angepumzisha mashine? Mwishoni mwa Novemba 2022 maji yanayoweza kutumika yalibaki asilimia 4.6 tu, na mamlaka inayosimamia mto ikaagiza ukingo wa kusini usimamishe kufua umeme. Ukame ndio uliobeba lawama kubwa, na kwa haki. Lakini tanki lenye mabomba makubwa huisha haraka zaidi kuliko lenye mabomba madogo, na mpango wa upanuzi usioeleza nani atashika koki, na kwa kanuni gani, haujakamilika hata ukiwa na kurasa elfu.

Wakati mwingine jibu la mto ni kwamba jumba lipanuke, ila kwanza ijengwe ghala juu yake. Kidatu, kwenye Ruaha Mkuu nchini Tanzania, ilianza mwaka 1975 na mashine mbili. Awamu ya pili, iliyoongeza mbili nyingine, iliambatana na bwawa la Mtera huko juu, kazi yake ikiwa kutunza maji ya masika yaje kushushwa kiangazi. Bila Mtera mashine hizo mbili zingekosa kazi miezi mingi. Wapangaji walilijua hilo. Ambalo ni gumu kulipanga ni watu: mashamba ya mpunga na matumizi mengine yalipopanuka kwenye bonde la Usangu, juu zaidi ya Mtera, Ruaha Mkuu ukaanza kukauka kila kiangazi tangu mwaka 1993. Daftari la mto huandikwa na mvua pamoja na majembe.

Mashine zitakaa wapi?

Mpangaji mwerevu huanza na kinachoudhi wanasiasa: labda hakuna haja ya jumba jipya. Mashine ya miaka 40 inaweza kuvuliwa gurudumu lake la turbaini, lile linalozungushwa na maji, na kuvishwa lenye umbo bora, nyaya za jenereta zikasukwa upya kwa vihami vya kisasa vyembamba vinavyoacha nafasi ya shaba zaidi, na ikatoa asilimia 10, 20, wakati mwingine zaidi, ndani ya shimo lile lile la zege. Hoover, Marekani, iliboreshwa hivyo kati ya 1986 na 1993 hadi kufikia megawati 2,080. Hakukuwa na baruti wala handaki. Hakukuwa na jiwe la msingi la kuzindua pia, na labda ndiyo maana njia hii husahaulika.

Zawadi ya pili ni nafasi iliyoachwa na waliotangulia. Majumba mengi yalijengwa na shimo moja au mawili matupu: zege limemwagwa, njia ya maji imezibwa kwa kizibo cha chuma, inasubiriwa mashine. Kindaruma, nchini Kenya, ilijengwa mwaka 1968 na mashine mbili, na ya tatu ikaja kusimikwa kwenye nafasi yake mwaka 2012. Revelstoke, Kanada, ilifunguliwa mwaka 1984 na mashine nne katika jumba lenye nafasi ya mashine sita, na ya tano, ya megawati 500, ikaingia mwaka 2010. Kuchimba shimo moja zaidi wakati mkandarasi yuko na mitambo yake yote pale hugharimu sehemu ndogo ya kile ambacho kungegharimu baadaye. Anayejenga bwawa leo bila kuacha nafasi anawaachia wajukuu bili.

Pasipo na nafasi, macho hugeukia mahandaki. Tarbela, Pakistani, iliyokamilika mwaka 1976, ilikuwa na mahandaki yaliyotumika kumwagilia mashamba: maji yalishuka kwa nguvu kubwa bila kuzungusha chochote. Handaki namba 4 likageuzwa, likafungiwa mashine tatu chini yake, na mwaka 2018 likaanza kutoa hadi megawati 1,410. Maji ya mashamba bado yanafika mashambani, yakiwa yamefanya kazi njiani. Ila kwa kuwa wakulima ndio wanaoamua lini handaki lifunguliwe, umeme wa huko hufuata kalenda ya mazao.

Na pale ambapo hakuna nafasi wala handaki, jumba jipya kabisa hujengwa kando au chini ya mlima. Mfano wa ajabu kuliko yote ni Grand Coulee, kwenye mto Columbia nchini Marekani. Marekani na Kanada zilitia saini mkataba mwaka 1961 wa Kanada kujenga maghala ya maji huko juu, na mto ukaanza kufika ukiwa umesawazishwa kiasi kwamba jumba la tatu likawa na faida. Ili kulipatia maji, wajenzi walivunja takriban mita 79 za mwisho wa bwawa lenyewe, lililokuwa limesimama tangu 1942, wakaliunganisha na ukuta mpya uliopinda kuelekea chini ya mto. Wazo la awali lilikuwa mashine 12 za megawati 300. Teknolojia ikakua mikononi mwao, zikawa sita za 600 na zaidi, ya kwanza ikaanza mwaka 1975. Naupenda mfano huu kwa sababu hakuna aliyeanza na jumba. Mkataba wa maji ulitangulia, zege likafuata.

Bomba lile lile, maji mara mbili

Kishawishi kikubwa cha mwenye bajeti finyu ni kuunganisha mashine mpya kwenye handaki la zamani. Handaki lipo, limelipiwa. Kwa nini lisibebe zaidi?

Kwa sababu msuguano hauongezeki sambamba na maji. Maji yakiongezeka maradufu ndani ya bomba lile lile, kimo kinachopotea kwenye kuta huwa mara nne. Turudi kwenye bwawa letu. Kama mita za ujazo 200 zilipoteza mita 3 za kimo njiani, 400 zitapoteza 12. Hizo mita 9 za ziada, zikizidishwa kwa maji yote, ni karibu megawati 32 zilizoyeyuka, na zimeyeyuka kwenye mashine zote, mpya na kuukuu. Mashine za zamani, ambazo hazikumkosea mtu, zinaanza kutoa pungufu siku mpya zinapowashwa.

Upande wa chini nako kuna ushuru. Maji mengi yakitoka, uso wa mto chini ya jumba hupanda, na kila sentimita inayopanda hukatwa kwenye kimo. Ndiyo maana upanuzi mara nyingi huja na kazi isiyopigwa picha ya kuchimba na kupanua mkondo wa kutolea maji.

Kisha kuna pigo la maji. Maji yanayokimbia kwenye handaki la kilomita kadhaa ni kama treni isiyo na behewa la mwisho. Mashine ikifungwa ghafla, treni hiyo haina pa kusimamia, na shinikizo hupanda kwa sekunde chache hadi kuweza kupasua chuma. Vituo vyenye mahandaki marefu huwa na kisima cha wima ambamo maji hupanda na kushuka yakipoteza hasira yake. Kisima kilichopimwa kwa mashine nne hakitoshi kwa nane. Ukikiona kwenye orodha ya kazi mpya, shukuru, usipokiona, uliza.

Na tope lisisahauliwe. Mito hubeba mchanga, mabwawa huutuliza, na baada ya miongo mchanga huo husogea kuelekea midomo ya maji, yaani pale maji yanapoingilia kwenda kwenye mashine. Tarbela imepoteza zaidi ya theluthi ya ujazo wake kwa njia hiyo. Kuweka mdomo mpya chini kabisa ili uvute maji hata kiangazi kunavutia, mpaka mchanga unapoanza kusaga magurudumu ya turbaini kama tupa.

Kupasua mwamba pembeni ya mgonjwa aliye hai

Kituo kipya hujengwa mahali patupu. Upanuzi hujengwa ubavuni mwa mashine zinazozunguka, chini ya bwawa lililojaa. Hilo hubadilisha kila kitu, hata namna ya kulipua baruti. Mlipuko hugawanywa vipande vipande vinavyopishana kwa sehemu ndogo za sekunde, na vipima mtikisiko hufungwa kwenye zege la bwawa, kwenye jenereta, hata kwenye vifaa vya kinga ya umeme ambavyo mtikisiko unaweza kuvihadaa vikazima mashine nzima. Kiwango kikivukwa, kazi husimama.

Mdomo mpya wa maji ndio fumbo kubwa zaidi, maana unatakiwa kufunguka ndani ya ziwa ambalo haliwezi kukaushwa. Njia moja ni kujenga ukuta wa muda ndani ya maji, kunyonya yaliyomo na kufanya kazi pakavu. Nyingine, ambayo Wanorwei wameizoea sana, ni kuchimba handaki kutoka upande wa nchi kavu hadi kubaki kizibo cha mwamba chenye unene wa mita chache chini ya ziwa, kisha kukilipua kwa mara moja. Shimo huwa limechimbwa kabla ili vifusi viangukie humo. Hakuna jaribio la pili, na wanaoifanya hupanga mwaka mzima kwa ajili ya sekunde moja.

Ratiba nayo hutawaliwa na mto. Kazi za mkondo wa kutolea maji hufanywa kiangazi. Mashine za zamani zinapolazimika kuzimwa ili mabomba yaunganishwe, kuzimwa huko hupangwa miezi ya mahitaji madogo, na uniti zilizokosekana huandikwa kama gharama ya mradi. Miradi mingi huzisahau. Mhasibu wa gridi hatazisahau.

Mashine ngapi, za ukubwa gani

Kwa ujumla mashine moja kubwa ni nafuu kuliko mbili ndogo za jumla hiyo hiyo. Ila gridi ina kauli yake. Mashine ya megawati 300 ikizimika ghafla kwenye gridi inayobeba 1,500, moja ya tano ya umeme imetoweka kwa kufumba na kufumbua. Kasi ya mizunguko hushuka, kinga huanza kukata wateja, na giza linaweza kuenea hadi mahali pasipohusika. Ukubwa wa mashine hivyo hupimwa kwa gridi kabla ya kupimwa kwa mto. Pamoja na hayo, lazima kuwe na nyaya za kusafirishia: hakuna mashine itakayouza umeme kuliko njia yake inavyoweza kubeba, na vifaa vya kituo cha kupoza umeme vilivyochaguliwa zamani vinaweza kushindwa kukata mkondo mkubwa zaidi wa hitilafu ambao jenereta mpya zitauleta.

Kuna pia tabia ya turbaini aina ya Francis, inayotumika kwenye mabwawa mengi ya kimo cha kati. Ikifanya kazi karibu na nguvu kamili hutulia. Ikipunguzwa hadi nusu au chini ya hapo, maji yanayotoka hujisokota kama kimbunga kidogo na mashine huanza kutetemeka. Kila mashine ina eneo lake la mwiko. Tarehe 17 Agosti 2009, kwenye kituo cha Sayano-Shushenskaya nchini Urusi, mashine namba 2 ilikuwa imepita eneo hilo mara kadhaa ikifuata mahitaji ya gridi. Boliti za kifuniko chake zilikuwa zimechoka kwa mtikisiko wa muda mrefu. Zikakatika, mashine ikaruka kutoka shimoni, maji yakafurika jumba lenye mashine zote kumi, na watu 75 wakafa.

Kwa mpangaji wa upanuzi, msiba huo una mambo mawili ndani yake. Mashine zinazokusudiwa kupanda na kushuka kufuata kilele zichaguliwe idadi na ukubwa utakaoziwezesha kukaa nje ya eneo la mwiko. Mara nyingi hiyo ndiyo hoja ya kuchukua tatu za wastani badala ya moja kubwa. Na jumba la pili lililotengwa na la kwanza, ingawa ni ghali, halizami pamoja na la kwanza.

Turbaini pia hutengenezwa kwa kimo fulani. Ziwa likishuka mno, ufanisi huanguka na mtetemeko huanza hata kwa nguvu kamili. Hoover ilipoona ziwa lake likishuka mwaka hadi mwaka, ilibidi ifunge magurudumu matano mapya yanayovumilia vimo vingi zaidi. Anayepanga leo na achague mashine kwa ziwa lililo nusu, maana ndilo atakalokuwa nalo mara nyingi.

Walio chini ya mto

Kituo kinachotoa mita za ujazo 150 usiku na mchana hutengeneza mto uliotulia. Kituo hicho hicho, kikiwa na mashine mara mbili na kazi ya kilele, kinaweza kutoa karibu sifuri asubuhi na 400 jioni. Kwa anayevua, anayefua nguo au anayevusha mifugo, mto huo ni hatari: unapanda bila wingu angani. Mayai ya samaki hubaki juu ya mchanga mkavu, na kingo hulika kwa kulowa na kukauka kila siku.

Tiba zipo. Unawekwa mtiririko wa chini ambao hauvukwi hata mahitaji yawe madogo vipi. Kasi ya kupandisha na kushusha hufungwa kwa kanuni. Inapowezekana hujengwa bwawa dogo chini linalopokea mawimbi na kuyatoa yakiwa yamelainika. Kila moja hula sehemu ya faida iliyohesabiwa kwenye upembuzi, kwa hiyo mahali pake ni ndani ya hesabu ya kwanza. Tathmini ya mazingira iliyoletwa mwishoni, megawati zikiwa zimekwisha kutangazwa, huwa barua ya kuomba radhi.

Jambo moja la usalama nilitaje hapa, kwa sababu wauza mashine hulipotosha: turbaini mpya zisihesabiwe kama njia ya kupitishia gharika. Gharika kubwa huja na radi, nyaya huanguka, mashine hujizima zenyewe, na maji yote hubaki na njia moja tu, milango ile ile ya kwenye picha. Milango hiyo lazima itoshe peke yake.

Ukurasa wa mwisho wa mpango mzuri huwa na jaribio. Mashine zote, mpya na za zamani, huendeshwa kwa nguvu kamili, kisha swichi hukatwa kwa makusudi na mzigo wote kuondolewa mara moja. Magurudumu hukimbia kwa kasi isiyo ya kawaida kabla ya milango midogo ya maji kuanza kuyabana. Wahandisi husimama kimya wakiangalia sindano ya shinikizo ikipanda kuelekea mstari uliochorwa miaka kadhaa nyuma kwenye hesabu. Ndani ya kisima cha wima maji hupanda, hushuka, hupanda tena chini kidogo ya mara ya kwanza. Mtu mmoja mwenye daftari huandika kila kipimo, mpaka yatulie.